Fildi ya likizo ndefu kwenye kampuni binafsi: nilichokiona idara ya fedha (uzi mrefu, kwa mnaokwenda Julai)

MLETA UZI:

Wakuu, salaam.

Barua za fildi (mafunzo kwa vitendo) zimeanza kutoka vyuoni, na maswali ni yaleyale ya kila mwaka: niende wapi, kuna posho, nitajifunza nini zaidi ya kutoa fotokopi. Mimi nasoma uhasibu hapa Dar es Salaam, niko mwaka wa mwisho. Likizo ndefu iliyopita nilikuwa idara ya fedha ya kampuni inayosambaza soda na maji, upande wa viwandani, barabara ya Nyerere. Jina la kampuni nitabaki nalo. Naandika kwa ajili ya wanaokwenda mwaka huu, hasa wale wanaoamini kwamba kampuni binafsi ni kupoteza muda na kwamba fildi ya maana ni wizarani au halmashauri tu.

Niliseme mapema lile kubwa, ili asiye na muda wa kusoma yote alipate hapa. Chuoni kazi yako inaishia kwa mwalimu: ukichelewesha zoezi, unaumia wewe. Kampuni kila karatasi ina mtu aliyeileta na mtu anayeisubiri. Ukiwajua hao wawili utajua ufanye nini, uharakishe kiasi gani na umuulize nani. Usipowajua utaondoka na logibuku (daftari la kazi za kila siku) iliyojaa "leo nilipanga mafaili" na hutajua yale mafaili yalikuwa ya nini.

Tulianza Julai. Kwa mtu wa uhasibu au kodi, huo ndio mwezi wa kuwa ofisini, kwa sababu mabadiliko ya Sheria ya Fedha ya kila mwaka kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Darasani viwango vya kodi ni vya kukariri. Ofisini unawakuta watu wazima wameinamia sheria mpya, wanapitia kipengele kwa kipengele kuona kipi kinagusa mishahara ya mwezi huo. Notsi tulizorithi kwa waliotutangulia zilikuwa bado zinasema tozo ya ufundi stadi, SDL, ni asilimia 4, wakati ilishashuka hadi 3.5 tangu Julai 2023. Aliyenipokea, dada mmoja mhasibu mwandamizi, alinifundisha kwamba kabla ya kuandika kiwango chochote unafungua sheria ya mwaka husika kwanza. Notsi hazikubaliki pale kama ushahidi.

Ukutani palikuwa na kalenda, na kila mwezi tarehe mbili zimezungushiwa wino mwekundu: 7 na 20. Tarehe 7 ni mwisho wa kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kodi za mishahara, SDL na kodi ya zuio (ile inayokatwa kwenye malipo) za mwezi uliopita. Tarehe 20 ni ritani, yaani taarifa, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Nilikuwa nazijua tangu mwaka wa pili, nimezijibia mtihani. Lakini kuziishi ni habari nyingine. Kuanzia tarehe 15 hivi sauti za ofisi zinabadilika, simu zinapigwa mfululizo, na anayeandaa ritani anaanza kupita meza kwa meza akidai risiti.

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza ya maana. Kampuni ikitaka kudai VAT iliyolipa kwenye manunuzi, lazima iwe na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya muuzaji. Ankara peke yake haitoshi. Chukua gereji iliyosajiliwa VAT, imetengeneza lori na kuleta ankara ya shilingi 1,180,000. Humo ndani 180,000 ni VAT. Risiti ikipatikana, hiyo 180,000 inapunguzwa kwenye VAT ambayo kampuni inadaiwa. Isipopatikana, imekwenda. Nikapewa orodha ya ankara zisizo na risiti, na simu ya ofisi. Wengine walijibu vizuri na kutuma siku hiyohiyo. Wengine walisema mashine mbovu, au karani hayupo, au "nitaleta Jumatatu". Unajifunza kupiga tena bila kukasirika, na unajifunza kuandika pembeni: nimeongea na nani, saa ngapi, ameahidi nini. Dada anayeandaa ritani alikuwa akipita anasoma hayo maandishi yangu, halafu anaamua ankara ipi aingize mwezi huu na ipi isubiri. Hakuhitaji kuniuliza chochote.

Sasa niwaambie kuhusu makreti, maana hapo ndipo fildi yangu iliponoga.

Soda za chupa za kioo hazifanani na biashara nyingine. Mwenye duka ananunua soda, chupa na kreti vinatakiwa kurudi. Lori linatoka alfajiri na makreti yaliyojaa, kila moja chupa 24, na jioni linarudi na mchanganyiko: fedha taslimu, malipo ya Lipa Namba, madeni ya wateja wachache wanaoaminiwa, soda zilizobaki, na makreti matupu. Duka lililochukua kreti 20 na kurudisha matupu 15 linadaiwa kreti tano na chupa zake, na hilo ni deni kama deni la fedha. Likisahaulika leo na kesho na kwa kila duka la njia ile, mwisho wa mwezi kampuni imepoteza fedha nyingi na hakuna mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole.

Kwa hiyo hesabu ile inaandikwa na watu watatu. Dereva ana karatasi yake ya njia. Mlinzi wa getini anahesabu lori likitoka na likirudi, anaandika kwenye daftari lake. Mtunza stoo anahesabu tena wakati wa kushusha. Anayetazama juujuu ataona ni kazi moja inarudiwa. Darasani tuliita mgawanyo wa majukumu, kwamba anayeshika mali asiwe ndiye anayeandika kumbukumbu zake peke yake, tukapewa alama tano kwa kulieleza. Pale nililikuta limevaa koti la mvua limesimama getini na kalamu. Karatasi zote tatu zinafika idara ya fedha asubuhi inayofuata, na mtu anakaa kuzilinganisha. Mtu huyo nikawa mimi.

Zikilingana unapiga muhuri, unaendelea. Zisipolingana, usikimbilie kudhani kuna mwizi. Mara nyingi kuna sababu: kreti zimehamishiwa lori jingine lililoharibika njiani, chupa zimevunjika na vipande vimebaki kwa mteja, au mlinzi wa zamu ya usiku ameandika kwenye ukurasa wa siku iliyofuata. Lakini sababu huijui ukikaa kwenye kiti. Inabidi uende stoo. Na stoo huingii na karatasi umeishika mbele kama hati ya mashtaka. Mtunza stoo wetu alikuwa mzee ambaye ameikuta kampuni ikiwa na malori mawili. Unaingia: "Shikamoo baba. Pole na kazi. Naomba unisaidie, lori la jana la Temeke naona kreti nane sijazielewa." Atakuonyesha. Atakuonyesha hata ambalo hukuuliza. Wapo wanafunzi wanaompita mzee kama huyo kwa sababu hana digrii, wakati yeye ndiye anayejua kwa nini namba iko ilivyo.

Kitu kingine kilichonikaa ni kulinganisha daftari letu la benki na taarifa inayotoka benki. Vitabuni tofauti ni chache na nzuri: hundi ambayo haijawasilishwa, makato ya benki, amana iliyo njiani. Kwenye kampuni ya usambazaji kuna miamala mingi ya "amana kwa wakala" isiyo na jina la mteja. Mteja amelipa kweli, fedha imeingia kweli, lakini haijulikani ni ya nani, na akaunti yake bado inasoma deni. Kesho anataka mzigo, mfumo unamkatalia. Anapiga simu kwa afisa mauzo akilalamika, afisa mauzo anapanda ngazi hadi kwetu. Mtu mwenye duka Mbagala anaweza kukosa soda za wikiendi kwa sababu ya mstari mmoja ambao haujatambuliwa. Nilipoona hivyo sikuhitaji msimamizi wa kunisukuma.

Kuhusu Eksel, nitakuwa mfupi. Jifunzeni kabla ya kwenda: kupanga, kuchuja, kutafuta thamani kutoka jedwali jingine, jedwali egemeo (pivot table). Mfumo wa uhasibu wa kampuni (wengi wanatumia Tally au mwingine wa aina hiyo) mtafundishwa hukohuko. Eksel watadhani mnaijua.

Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI 1:

Mkuu umebahatika. Mimi nilipelekwa kampuni kubwa tu, jengo la vioo, kiyoyozi, kila kitu. Fildi nzima nilikuwa nabeba mafaili kutoka ghorofa moja kwenda nyingine na kununua vocha za simu za mabosi. Siku msimamizi wa chuo alipokuja tukaongea dakika chache, akasaini, akaondoka. Usiwape watu matumaini makubwa.

MLETA UZI:

Pole, na nakuamini. Zipo ofisi zinazomchukua mwanafunzi kama mikono ya bure, na hilo ni kosa la ofisi. Mwanafunzi hajakosea chochote.

Kwa wanaokwenda, nashauri hivi. Faili ulilotumwa kubeba, soma jalada lake. Linatoka kwa nani, linakwenda kusainiwa nini, likichelewa nani anakwama? Muulize unayempelekea, kwa adabu, wakati hana haraka. Halafu usiombe "kufundishwa", maana neno hilo linamtisha mtu mwenye kazi nyingi, anaona umemwongezea mzigo. Omba kazi moja ndogo ambayo yeye mwenyewe haipendi. Kila ofisi inayo: risiti zisizopatikana, orodha ya wateja yenye namba za simu zilizokufa, mafaili ya mikataba yasiyo na tarehe ya kuisha. Sema, "Dada, hii niachie mimi, nitakuletea Ijumaa." Ukiileta Ijumaa kweli, wiki inayofuata utapewa ya pili, kubwa kidogo.

Ukiomba zaidi ya mara moja na bado unatumwa vocha, mwambie msimamizi wa chuo atakapokuja, tena mwambie ukiwa naye peke yake. Ndiyo sababu anakuja. Kama anasaini na kukimbia, andika kwenye ripoti yako kazi ulizopewa kama zilivyo, bila kuzipamba. Chuo kinatakiwa kujua ofisi zipi kisiendelee kupeleka wanafunzi.

MCHANGIAJI 2:

Nafanya kazi rasilimali watu kwenye kampuni, nimesoma uzi wote, mleta mada ameongea ukweli. Niongeze machache kutoka upande wetu.

Barua zinazoletwa Juni zinakuta nafasi tumeshagawa. Leteni Machi, Aprili. Barua ya chuo iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba ya ofisi ya chuo inayopokelewa. Kwenye maelezo yako usiandike "niko tayari kufanya kazi yoyote". Andika masomo uliyosoma na kitu kimoja unachotaka kukiona kikifanyika. Hiyo inanisaidia kujua nikupeleke meza ipi.

La pili ni zito. Kuna mwanafunzi alipiga picha orodha ya mishahara ili aiweke kwenye kiambatisho cha ripoti ya chuo. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Lakini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Mshahara wa mtu, namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa), akaunti yake ya benki, si vitu vya kuweka kwenye simu yako. Ukihitaji mfano kwa ajili ya ripoti, omba fomu tupu au andika namba za kubuni na useme ni za kubuni. Sisi tulimwondoa, na iliniuma kwa sababu alikuwa na uwezo.

MCHANGIAJI 3:

Ahsanteni. Swali langu ni la tumbo. Wenzangu wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) wengi wana fungu la mafunzo kwa vitendo, mimi sina mkopo. Nakaa Gongo la Mboto kwa shangazi. Kampuni binafsi zinatoa chochote?

MLETA UZI:

Inategemea kampuni. Kuna zinazotoa nauli, kuna zinazotoa chakula cha mchana tu, kuna zisizotoa kitu. Uliza mapema, siku unapopeleka barua au unapopokea jibu: "Samahani, kuna utaratibu wowote wa nauli au chakula kwa wanafunzi wa fildi?" Hilo ni swali la kawaida na ofisi makini haitaliona kama utovu wa adabu.

Ila wewe una bahati ya mahali unapoishi. Daladala za Gongo la Mboto zinapita barabara ya Nyerere, na viwanda na maghala yamejipanga kandokando na kuelekea Vingunguti na Chang'ombe. Tafuta huko, gari moja kwenda, gari moja kurudi. Usivutwe na jina la kampuni iliyoko Mbezi Beach halafu ukafika kazini umechoka na umeishiwa. Naona wanafunzi wengi wanachagua kampuni kwa jengo lake, na nauli inawakatisha tamaa kabla hata ya Agosti.

MCHANGIAJI 4:

Mimi ni fundi mitambo kiwandani, tunajaza maji kwenye chupa. Huyu kijana amegusa kitu ambacho hata wanafunzi wetu wa uhandisi hawakijui. Sisi kazi nzima iko kwenye kukabidhiana zamu. Mashine imesimama saa nane usiku, imesimama kwa nini, nimegusa nini, nimebadilisha kifaa gani, nini nimeacha hakijaisha. Vyote vinaandikwa kwenye daftari la zamu. Anayeingia asubuhi anausoma ule ukurasa kabla hajawasha kitu.

Wanafunzi wanaokuja kwetu nawapa daftari hilo la miezi mitatu nyuma, nawaambia wahesabu ni hitilafu ipi imejirudia. Wanashangaa: wanakuta feni ileile, kihisi (sensor) kilekile cha kuhesabu chupa. Mwaka jana binti mmoja wa chuo cha ufundi alitengeneza orodha hiyo vizuri mno, meneja matengenezo akaitumia kuagizia vipuri. Ni kazi aliyoifanya kwa kalamu na karatasi. Kwa hiyo msiogope viwanda, njooni. Mje na viatu vya ngozi vilivyofunika vidole.

MLETA UZI:

Fundi, nakushukuru sana kwa hili. Waliouliza kama uzi huu ni wa wahasibu tu, jibu mmelipata hapo juu.

Kuna dada ameniandikia faragha, ameniruhusu niliweke swali hapa bila kumtaja. Bosi wa ofisi anayofanyia fildi anamwambia saini ya tathmini itapatikana wakitoka pamoja. Dada, na yeyote aliye kwenye hali hiyo: huo ni uhalifu. Kudai ngono ili kumpa mtu haki yake ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Hifadhi jumbe zake zote, usizifute kwa hasira. Mwambie msimamizi wako wa chuo leo, kwa maandishi, na uombe kuhamishwa ofisi. Fildi inaweza kukamilishwa mahali pengine, na chuo kina wajibu wa kukusaidia.

MCHANGIAJI 5:

Mleta uzi, ripoti uliiandikaje? Sisi tunapewa muundo: historia ya kampuni, muundo wa uongozi, kazi zilizofanyika, changamoto, mapendekezo. Kila mtu anajaza vilevile. Na je, walikuahidi ajira?

MLETA UZI:

Muundo wa chuo niliufuata, lakini historia ya kampuni niliipa nusu ukurasa. Sehemu kubwa niliandika mchakato mmoja tu, kreti moja tangu inapotoka getini hadi inapoonekana kwenye hesabu za mwezi: nani anaandika, karatasi inakwenda wapi, wapi inaweza kupotea, na nini kinazuia isipotee. Pendekezo langu lilikuwa moja, kwamba daftari la getini liwe na safu ya namba ya lori lililopokea, kwa ajili ya siku ambazo mzigo unahamishwa njiani. Mapendekezo ya aina ya "kampuni iongeze vitendea kazi na iboreshe maslahi ya wafanyakazi" hayamsaidii mtu. Mwalimu aliyesahihisha aliniita akaniuliza maswali mengi kuhusu zile karatasi tatu, na nikayajibu bila kufungua ripoti.

Wiki ya mwisho fanyeni jambo hili: andikeni makabidhiano. Ankara zipi bado hazina risiti, nimempigia nani, ameahidi lini. Amana zipi hazijatambuliwa, nimeuliza kwa maafisa mauzo gani. Ukurasa mmoja au miwili, mpeni msimamizi nakala. Wanafunzi wengi wanaaga kwa keki na picha, kazi zao zinabaki mezani hakuna anayejua zilipofikia.

Ajira hawakuniahidi, na sikuitegemea, bado nina semista moja. Ila yule dada mhasibu amekubali kuwa mdhamini kwenye maombi yangu. Nikimaliza naomba mafunzo tarajali kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu, kwa sababu nataka kukaa upande wa pili wa meza: nifike kwenye ghala la watu nisiowajua, nipewe daftari la getini, niulize lilivyoandikwa.

Anayejua ofisi za ukaguzi zinazopokea wahitimu wapya, Dar au Mwanza, aweke hapa utaratibu wao wa kuomba. Tuko wengi tunaotafuta.